Meza Safi za Mama Euphrasia

Katika maktaba ya Chuo cha Kilimo na Mifugo cha Mtakatifu Alfonsi, pale Butiama, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuacha kitabu mezani akaondoka na amani yake. Mama Euphrasia, mkutubi, hakuwa mtu wa kupayuka. Silaha yake ilikuwa kutazama tu. Miwani ingeshuka mpaka nchani mwa pua, macho yangetulia juu ya kitabu kilichotelekezwa, kisha yangehamia mgongoni kwa mwenye kosa. Huyo mwenye kosa, hata kama ameshafika mlangoni, angehisi kisogo kinamchoma, ageuke, akirudishe kitabu palepale alipokitoa. Juu ya mlango palikuwa na kibao: RUDISHA KITABU ULIPOKITOA. Chini yake, kwa herufi zilizobanana kwa sababu mchoraji aliishiwa nafasi, paliandikwa: Meza si ghala.

Kila jioni kabla ya kufunga alisimama mlangoni akazitazama meza zake. Zilikuwa tupu na zinang'aa. Wapo watu Butiama wanaoringia ng'ombe, na wapo wanaoringia watoto walioko Dar es Salaam. Yeye aliringia meza, na usidhani ni jambo dogo. Ukishakaa kwenye kazi moja mpaka mvi zinakukuta humo, unahitaji kitu ambacho ukikitazama unajua siku yako haikwenda bure.

Balaa lilianza siku Mwalimu Masatu alipoingia na karatasi mkononi. Masatu alikuwa makamu mkuu wa chuo, msimamizi wa taaluma, na hakuwa mtu mbaya, tuelewane hapo mapema. Alikuwa na wanafunzi wanaopanga foleni kwenye kompyuta chache mno, wengine wakiandika ripoti zao kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka, na alikuwa anatafuta chumba.

"Shikamoo, Mama Euphrasia."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kwa ajili ya chumba cha nyuma," alisema, akaiweka ile karatasi juu ya kaunta. "Mfumo unaonyesha hakina wasomaji."

Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa moyo wa maktaba ile. Vitabu vyake havikuazimwa kwenda nje, vilisomwa humohumo: vya kupe na ugonjwa wa ndigana kali, vya funza wa vitumba vya pamba, vya udongo, vya malisho. Ukuta wa upande wa dirisha ulishikwa wote na ensaiklopidia nyekundu zenye maandishi ya dhahabu mgongoni. Sista Grace, mtawa aliyemfundisha Euphrasia kazi, alimkabidhi zile nyekundu siku aliyohamishwa, akamwambia hiyo ndiyo roho ya maktaba. Tangu siku hiyo Euphrasia alizifuta vumbi kila Jumatatu, moja moja, mpaka marehemu Sista alipozikwa na baada ya hapo pia.

Mfumo nao ulikuwa mgeni. Aliuleta Diana, afisa maktaba kijana wa Bunda aliyeajiriwa akiwa ametoka kuhitimu chuo kikuu. Kila kitabu kilibandikwa stika ya mistari, na mashine ndogo ya kushika mkononi ikipitishwa juu yake inalia pii, kompyuta inaandika.

"Hakina wasomaji?" Euphrasia aliuliza. "Mwalimu, mbona wanajaaga mle? Jana tu kuna mtu alikosa kiti akasoma amesimama."

"Sikatai, Mama. Lakini bodi haitakuja kukaa mle ndani ihesabu vichwa. Inasoma ripoti, na ripoti inasema sufuri. Muhula ukiisha sufuri ikiwa palepale, vitabu vinatoka, kompyuta zinaingia. Mimi pia nina watoto wa watu wanalalamika."

Alipoondoka, Euphrasia alimgeukia Diana. "Hiyo mashine yako ni kipofu."

"Mama, mashine inaonaga ilichoonyeshwa tu," Diana alijibu taratibu. "Mimi mwenyewe nilifundishwa kuazimisha na kupokea. Habari ya vitabu vya kusomea ndani sijui inaingizwaje. Lakini kuna mafunzo Musoma wiki ijayo, ya watu wa maktaba za vyuo. Twende wote."

Mialiko ya semina ilikuwa ikija miaka nenda miaka rudi, na jibu la Euphrasia lilikuwa lilelile: nikiondoka, nani atabaki na maktaba? Watu walimwona mchapakazi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kukaa mbele ya kompyuta kati ya vijana wa umri wa binti yake, mshale wa kwenye kioo ukimkimbia, na wao wakitazama pembeni ili wasimwaibishe. Lakini safari hii kilichokuwa kinakwenda ni chumba cha nyuma, kwa hiyo woga ilibidi usubiri.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi mmoja mtaa wa Kitaji, madirisha wazi, upepo wa ziwani ukipeperusha karatasi za watu. Mwezeshaji aliitwa Clementi, kijana mwenye sauti ya chini ambaye hakumkatiza mtu. Alianza kwa kuwaomba kila mmoja ataje jambo moja ambalo maktaba yake inalifanya vizuri. Wengine walitaja intaneti, wengine vitabu vipya. Zamu ilipomfikia Euphrasia alisimama, akanyoosha kitenge chake.

"Kwetu mezani hakubakigi kitabu," alisema. "Hata kimoja. Mwanafunzi akimaliza anarudisha mwenyewe, na anarudisha mahali pake."

Ukumbi ulimpigia makofi. Alikaa chini akiwa amevimba kidogo kwa furaha, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke Butiama aliona kwamba labda hata yeye ana cha kuwafundisha wenzake. Clementi alitabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaendelea na anayefuata.

Baada ya chai wakafika kwenye somo lililowaleta. Clementi alionyesha picha ukutani: meza ya maktaba iliyojaa vitabu, vingine vimefunguliwa, vingine vimelazwa kifudifudi. Euphrasia aliona picha ya uzembe.

"Vitabu vya kusomea ndani tunavihesabu hivi," alisema Clementi. "Tunawaomba wasomaji waviache mezani. Tunapita, tunaskani kila kilichoachwa, kama zamani tulivyokuwa tunavihesabu kwa daftari, mfumo unaandika kwamba kimetumika, ndipo sisi wenyewe tunakirudisha rafuni. Msomaji akikirudisha mwenyewe, kwa mfumo ni kama hakikuguswa na mtu."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Euphrasia. Wote walikuwa wameelewa, na wote waliamua kutazama mbele kwa heshima yake. Ni bora wangecheka.

Wakati wa chakula cha mchana waliletewa samaki wa ngege na ugali wa muhogo. Euphrasia alimega tonge, akalibinyabinya, akalirudisha sahanini.

"Diana. Kumbe ni mimi."

"Mama, hukujua."

"Wewe ndiye hukujua, umekuja juzi. Mimi nimeitwa semina ngapi? Nilikuwaga nikipata mwaliko naufanya wa kuwekea kikombe cha chai. Wanafunzi wote wale, Diana. Wamesoma mle ndani wamehitimu wameondoka, na mimi nimewafuta kwa mkono wangu nikidhani nafuta meza."

Diana alimchambulia samaki, akaondoa miba, akamsogezea minofu. "Kula, Mama. Mbona dawa yake rahisi? Tukirudi tunawaambia waache mezani, basi." Rahisi, eti. Diana alikuwa bado kijana.

Mchana walishikishwa zile mashine. Ya Euphrasia haikulia. Alijaribu tena, mwanga mwekundu ukirukaruka juu ya stika. Clementi alipita nyuma yake akasema bila kusimama, "Irudishe nyuma kidogo, Mama, usiibane. Hata mimi ilinisumbuaga." Aliirudisha nyuma, na mashine ikalia pii. Euphrasia alicheka kwa sauti peke yake, na hakujali nani amesikia.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi Butiama alisimama mbele ya wanafunzi akatangaza: kuanzia leo, ukimaliza kusoma katika chumba cha nyuma, acha kitabu mezani. Wanafunzi walimtazama, wakatazamana, wakamtazama tena. Jioni meza zilikuwa tupu, zinang'aa.

Alitangaza tena. Meza tupu. Alipanda kwenye stuli akang'oa kile kibao cha juu ya mlango kwa nyundo, vumbi likimwingia machoni, na hapo ndipo wanafunzi walipoingiwa na hofu ya kweli. Bwenini ilivuma kwamba Mama Maktaba ameweka mtego, anataka kujua nani atakuwa wa kwanza kuchafua. Basi wakarudisha vitabu kwa bidii kuliko zamani. Yeye naye akaanza kuwatolea yale macho yake wale wanaorudisha. Kijana mmoja, akikutana na miwani ile huku kitabu kiko nusu kuingia rafuni, alikitoa, akakirudisha, akakitoa tena, mwisho akakikumbatia kifuani akabaki amesimama kama aliyesahau njia ya kwao. Diana alitoka nje akacheka. Euphrasia hakucheka, maana ripoti ilikuwa bado sufuri na muhula ulikuwa unakatika.

Siku hiyohiyo alimfuata Revocatus. Huyu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mtoto wa wakulima wa pamba wa Guta, na hakuna aliyekaa sana katika chumba cha nyuma kuliko yeye. Euphrasia alivuta kiti akakaa karibu naye, jambo ambalo lilimfanya kijana afunge kitabu kwa wasiwasi.

"Revocatus, mwanangu. Nimewaambia mniachie vitabu mezani. Mnaniogopa?"

"Kidogo, Mama," alikiri. "Lakini si hivyo."

"Ni nini sasa?"

Revocatus aliangalia mikono yake. "Utanisamehe, Mama. Nyumbani nikila nikaacha sahani ili mama aje ainue, hapo sijalelewa. Baba hanielewi kabisa. Sasa wewe ndiye mama yetu hapa. Naondokaje nakuachia vitabu uviokote nyuma yangu? Siwezagi, Mama. Hata wenzangu ni hivyo."

Miaka yote ile Euphrasia aliamini ni macho yake yaliyokuwa yakifanya kazi. Kumbe watoto hawa walikuja na adabu yao kutoka makwao, Guta na Butiama na kwingineko, na yeye aliiokota tu akaiita yake. Alifurahi na kuumia kwa pamoja, kwa sababu kama wangekuwa wanamwogopa angeweza kuwatoa woga, lakini heshima unamtoaje mtu?

Alirudi kaunta akakaa. Baadaye akainuka, akaingia chumba cha nyuma kilipokuwa kimejaa, akafunga mlango. Diana alisimama dirishani.

"Wekeni kalamu chini," alisema. "Nataka kuwaambia jambo, na sitalirudia kwa sababu linaniuma. Nilikuwa nawafundisha vibaya. Kitabu mkikirudisha wenyewe, ile kompyuta inaandika hakuna aliyekisoma. Kwa karatasi za chuo, nyinyi hamjawahi kuingia humu. Hata waliowatangulia hawajawahi kuingia. Muhula ukiisha hivi, chumba hiki kinafungwa, vitabu vinaondoka. Si kosa la Mwalimu Masatu, wala si la mashine. Ni langu."

Alivua miwani akaishika mkononi.

"Najua mmelelewa. Nawashukuru wazazi wenu. Lakini mkinirudishia vitabu mnadhani mnanipumzisha, kumbe mnanihamisha. Kuanzia leo anayeniheshimu aniachie kazi."

Alifungua mlango akatoka haraka, maana macho yalishaanza kumsaliti. Kutoka kaunta aliona Revocatus akisimama. Kijana alifunga kitabu chake cha kupe, akakiweka katikati ya meza, akakinyoosha kwa vidole viwili kana kwamba ni yai, kisha akaondoka haraka bila kutazama nyuma. Msichana aliyekaa mkabala naye akafanya vivyo hivyo. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, Mama Euphrasia alisimama mlangoni akakuta meza zimejaa. Ilimuuma. Ilimuuma kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta sebule imepinduliwa na wageni. Akachukua mashine, akaanza na kile cha kupe. Pii.

Wiki zilizofuata alijifunza kuipenda ile sauti. Alijifunza pia kuifungua ripoti mwenyewe, Diana akiwa pembeni ameweka mikono nyuma ili asimsaidie. Na ripoti ilimwambia mambo aliyokuwa hayajui kuhusu chumba chake mwenyewe. Ndigana na pamba zilisomwa, hilo alilitegemea. Lakini kulikuwa na kijitabu chembamba cha magonjwa ya muhogo, kimechakaa jalada, alichokuwa amepanga kukitupa, nacho kilikuwa mezani karibu kila siku ya Mungu.

Ukuta wa dirishani ulibaki sufuri. Alingoja. Alimwambia mwanafunzi huyu na yule, mmeziona zile nyekundu? Wakasema ndiyo Mama, ni nzuri. Wakaendelea na muhogo.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya ripoti kwenda kwa Masatu, aliwahi kufika. Alizishusha zile nyekundu, si zote, akazitandaza mezani kati ya vitabu vilivyoachwa jana yake. Kisha akachukua kitambaa akaenda kufuta vioo vya dirisha ambavyo havikuwa vichafu.

Diana aliingia, akasalimia, akaanza kupita na mashine. Pii, pii. Alipofika kwenye zile nyekundu akasita. Zilikuwa zimelala sawasawa, migongo imefuatana na ukingo wa meza, wala hakuna mwanafunzi duniani anayeacha kitabu hivyo. Mkono wa Diana ulikaa juu ya stika ya kwanza, lakini kidole hakikubonyeza.

"Mama, na hivi navyo niskani?"

Euphrasia aliendelea kufuta kioo. Angesema ndiyo, nani angejua? Bodi isingejua. Masatu asingejua. Sista Grace, huko aliko, labda angefurahi. Lakini alikumbuka uso wa Revocatus akiacha kile kitabu cha kupe, jinsi tendo lile lilivyomgharimu, na akaona haya. Yule mtoto alivunja adabu ya kwao ili mashine iambiwe ukweli.

"Hapana," alisema. "Hivyo ni mimi niliviweka."

Diana aliweka mashine chini. Alibeba baadhi, Euphrasia akabeba vilivyobaki, wakavipanga rafuni pamoja. Kisha Diana akaenda kuchemsha chai, na jambo lile halikutajwa tena kati yao.

Masatu aliisoma ripoti amesimama palepale kaunta. Aliisoma mara ya pili akiwa amekaa. "Chumba kinabaki," alisema. "Nitaitetea mwenyewe mbele ya bodi. Ila, Mama, ule ukuta wa dirishani..." Akamtazama kwa tahadhari, akijiandaa kwa vita. "Kompyuta zingeenea pale. Na kuna sekondari upande wa Bunda haina hata kitabu cha rejea kimoja. Wameomba."

Euphrasia aliutazama ule ukuta. "Chukua, Mwalimu," alisema. "Ripoti nimeitoa mimi mwenyewe. Nimeona."

Siku ya kuhamisha alikataa kusaidiwa. Alizifuta zile nyekundu mara ya mwisho, akazipanga kwenye maboksi, moja moja. Boksi lilipobakiza nafasi ya kitabu kimoja alikishika mkononi akakipima uzito. Alijua uzito wake. Alijua harufu yake, alijua ni wapi dhahabu ilibanduka mgongoni. Miaka yote ile alikifuta vumbi, na hakuwahi kusoma hata ukurasa wake mmoja.

Akavuta kiti cha mwanafunzi akakaa mezani.

Kilifunguka kwenye habari za ndege wanaohama, wanavyovuka jangwa na bahari wakarudi mti uleule. Kiingereza chake kilikuwa na maneno magumu, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akirudi nyuma palipomshinda. Wanafunzi waliingia, wakamwona, wakatembea kwa vidole vya miguu. Aliguna mahali fulani. Mahali pengine alicheka. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili, na gari la sekondari lilikuwa linapiga honi nje.

Alisimama, akafunga kitabu. Mkono wake, kwa mazoea, ukakinyanyua. Akautazama ule mkono, akakirudisha kitabu mezani, akachukua pochi yake akaelekea mlangoni.

"Mama," Revocatus aliita nyuma yake. "Mama, umesahau kitabu mezani. Gari linasubiri."

Euphrasia aligeuka. Miwani ilikuwa imeshuka mpaka nchani mwa pua.

"Gari lisubiri, na wewe kiache hapohapo mpaka Diana apite na mashine," alisema. "Kuna mtu amekisoma."